Bustani ya Mboga Lubumbashi kwa Aliyezoea Mvua za Bukavu

Mtu aliyejifunza kulima Bukavu, ambako kiangazi huchukua takriban miezi 3 tu, hufika Lubumbashi akiwa na mikono yenye ujuzi lakini kalenda isiyomfaa. Huku mvua hukatika mwezi wa Aprili, na mara nyingi huwezi kuitegemea tena hadi Novemba. Mwaka wangu wa kwanza nilisia lengalenga (mchicha) mwezi wa Mei juu ya matuta ya kuinuka, kama tufanyavyo kwenye miteremko ya kwetu, na udongo ukakauka kabla miche haijafikia urefu wa kidole.

Hatua ya kwanza ni kuichunguza parsele, yaani kiwanja chako. Moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba, kilichoanza kazi mwaka 1911, ulisukumwa na upepo kuelekea kaskazini-magharibi kwa miaka mingi, ukaacha shaba, risasi na kadimiamu ardhini. Ukiishi upande huo, na hasa ukiona sehemu ambazo hata majani hayataki kuota, usipande mboga katika ardhi hiyo; zipande ndani ya magunia yenye udongo ulioletwa kutoka mbali.

Hatua ya pili ni kutengeneza udongo. Ardhi nyekundu ya hapa ina uchachu na rutuba kidogo, ilhali vichuguu vikubwa vya msituni vina mfinyanzi unaoshika maji, na aghalabu vina chokaa inayopunguza uchachu huo. Ponda madongoa yake, kisha changanya karai 1 la udongo huo na karai 2 za samadi iliyooza vizuri. Usiutumie peke yake: ndio udongo ambao watu hapa hufyatulia matofali, na kitalu chako kitakuwa kigumu vivyo hivyo.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo iliyonigharimu zaidi kuielewa, ni kubadili umbo la tuta kulingana na majira. Wakati wa kiangazi chimba kitalu kilichozama kiasi cha sentimita 10, chenye upana wa mita 1 ili mkono ufike katikati bila kukanyaga, na uache ukingo mdogo pembeni, ili kila ndoo unayomwaga ibaki pale pale penye mizizi. Mvua zikikaribia, geuza kazi hiyo: inua tuta sentimita 20 na uchimbe mfereji kandokando, la sivyo mizizi itaoza.

Kuhusu mazao, sia kabichi na vitunguu mwishoni mwa Machi, kwa kuwa hupenda baridi ya Juni na Julai, ambapo usiku joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Bamia isubiri. Nyanya nazo, maji yakiwepo, hupona kwa urahisi zaidi kiangazi kuliko masika, kwa sababu ukungu wa majani hupenda unyevu.

Mwagilia alfajiri, kisha funika udongo kwa nyasi kavu, tabaka jembamba tu, maana mchwa hawakawii kuzifuata. Pima kina cha kisima kila wiki kuanzia Agosti; maji yakishuka, acha nusu ya vitalu bila kupanda, kwa sababu Oktoba, mwezi wa joto kali kuliko yote, bado haujafika.