Jinsi ya kujibu swali la kwa nini babu zetu walishindwa na wakoloni

Swali hili linapendwa sana kwenye mitihani na wengi wanajibu vilevile, silaha duni, kukosa umoja, imani za kishirikina, basi. Sio uongo, ila zikiachwa hivyo hazielezi kitu na zinafanya wazee wetu waonekane wajinga, na hilo linaniuma kwa kweli.

Fanya hivi. Chagua vita moja uifuate toka mwanzo mpaka mwisho, usirukeruke bara zima. Chukua Wahehe wa Iringa, chini ya mtawala wao Mkwawa. Agosti 17, 1891 pale Lugalo jeshi la Mkwawa lilijificha porini, likaacha msafara wa Wajerumani uingie katikati ndo likawavamia, dakika chache tu kamanda Zelewski kafa na karibu askari wake 300 wamekufa naye. Sasa jiulize, kama shida ni silaha tu mbona mikuki ilishinda? Kwa sababu walipigana karibu karibu, bunduki haikupata nafasi. Afu linganisha na Oktoba 1894 pale Kalenga, safari hii Mkwawa yuko ndani ya ngome ya mawe anasubiri, Wajerumani wakaja na mizinga wakaipiga kwanza ndo wakaingia. Watu ni walewale na adui ni yuleyule, kilichobadilika ni namna ya kupigana. Hapo ndo maksi zilipo, onyesha silaha ilifanya kazi wapi na ilishindwa wapi.

Halafu uliza nani aliwasaidia wazungu, na usiandike "usaliti" ukaishia hapo. Merere wa Usangu alikuwa ameshanyang'anywa nchi yake na Wahehe, kwa hiyo adui yake mkubwa alikuwa Mkwawa. Kilimanjaro vilevile, Marealle wa Marangu alimtumia Mjerumani kumkomoa Meli wa Moshi. Tanganyika haikuwepo, kila mtawala alikuwa analinda watu wake dhidi ya jirani aliyemjua.

Ukifika Maji Maji, vita ya watu wa kusini dhidi ya Wajerumani, 1905 hadi 1907, usiwacheke watu kwa ile dawa ya mganga Kinjekitile, maji waliyoamini yatawakinga na risasi. Ile maji ndo iliyowaweka pamoja Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengine ambao hawajawahi kuwa chini ya mtawala mmoja, sasa ukiandika "hawakuwa na umoja" bila kueleza hilo umeharibu. Ni kweli mwisho wa Agosti 1905 watu walikufa kwa wingi mbele ya bunduki za rashasha pale boma la Mahenge, lakini vita haikuishia hapo. Kilichoimaliza ni njaa. Gavana Götzen aliacha askari wachome mashamba na maghala, na makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 mpaka 300,000, wengi wao kwa njaa na magonjwa. Hapa andika kwa kirefu, wengi wanapapita haraka.

Weka na walioshinda. Menelik, mfalme wa Ethiopia aliyewapiga Waitalia, alinunua bunduki miaka mingi, nyingine kwa Waitalia haohao, na Machi 1, 1896 pale Adwa alikuwa na watu karibu 100,000 kutoka pande nyingi za Ethiopia.

Na usiandike Mkwawa alishindwa 1894 ukafunga. Alipoteza ngome, afu akapigana msituni karibu miaka minne, zawadi ikatangazwa juu ya kichwa chake, mpaka Julai 1898 alipojipiga risasi ili wasimkamate akiwa hai.