SOMO: Studio ya geto, interfesi na monita: nini kinunuliwe kwanza

Wakuu, habari za jioni. Swali hili nimeulizwa mara nyingi hadi nimelikariri: "Hela yenyewe ya kuungaunga, nataka kufungua studio geto, nichukue interfesi gani na monita gani?" Kwa mgeni: interfesi ni kifaa kinachoingiza sauti ya maiki au gita kwenye kompyuta, na monita hapa siyo skrini, ni spika za studio za kusikilizia unapochanganya (kumiksi) wimbo. Leo naandika mara moja, atakayeuliza tena nimtumie hapa.

Nianze na yaliyonikuta. Monita zangu za kwanza zilikuwa za inchi 8. Nilizitoa Kariakoo na bodaboda, boksi moja limebanwa mbele kwa dereva, jingine nimelipakata. Geto langu Tandika lilikuwa mita 3 kwa mita 3, kiti nimekiweka katikati ili nijione prodyuza. Nikakesha na mdundo wa singeli. Besi naisikia nyembamba, naongeza. Bado nyembamba, naongeza tena. Asubuhi nikautia kwenye flashi, nikampa jamaa wa bajaji aupige. Haukufika hata kwenye kiitikio, akashusha sauti, akanigeukia: "Kaka, unataka kunipasulia spika?" Besi yote niliyokuwa siisikii usiku ilikuwemo mle, imejaa mpaka kioo kinatetemeka.

Monita hazikuwa na shida. Chumba ndicho kilichokuwa kinaimeza besi pale nilipokaa. Kwa hiyo katika somo hili monita ni za mwisho kununuliwa, na najua wengi mlitaka kuanza nazo.

HATUA YA 1: INTERFESI

Jiulize kwanza unarekodi nini kwa wakati mmoja. Kama ni sauti ya mtu mmoja mmoja juu ya mdundo, tundu moja la maiki linatosha. Ukiwa na watu wawili wa kuitikiana, au maiki na gita kwa pamoja, chukua ya matundu mawili. Ya matundu manane waachie wanaorekodi ngoma za jukwaani, wewe utaishia kuyapangusa vumbi.

Majina utakayokutana nayo madukani ni Focusrite Scarlett Solo na 2i2, Behringer UMC22 na UMC202HD, M-Audio M-Track Solo, Audient EVO 4, na ukiwa na nafasi kidogo MOTU M2. Usichague kwa rangi. Angalia mambo haya.

La kwanza ni biti 24 (kipimo cha undani wa sauti inayorekodiwa, siyo biti ya kuchania). UMC22 na M-Track Solo zinaishia biti 16. Zinarekodi, na zipo nyimbo zilizotoka humo, lakini biti 16 zinakulazimisha kurekodi sauti ikiwa juu, na msanii akipiga kelele ghafla inapasuka. Kwa biti 24 unaweza kuacha kilele cha sauti kicheze desibeli 12 chini ya mwisho, ukapandisha baadaye bila kupandisha na mvumo. Mimi mtu akiwa na uwezo wa kujibana mwezi mmoja zaidi, namwambia asubiri aingie kwenye UMC202HD au Solo ya Focusrite.

Maandishi ya "192" kwenye boksi yasikubabaishe. Hizo ni kilohezi, yaani mara elfu ngapi sauti inapimwa kwa sekunde. Rekodi kwa kilohezi 44.1 au 48, inatosha kabisa, na mafaili hayatakumalizia diski.

La pili ni nguvu ya priampu, sehemu ya interfesi inayokuza sauti ya maiki, na hapa ndipo wengi wanaumia. Maiki ya kondensa inataka volti 48 za fantomu (umeme ambao interfesi inautuma kwenye maiki kupitia waya wake), na ukishaipa, sauti inatoka kubwa yenyewe. Maiki ya dainamiki kama SM58 haihitaji fantomu ila inahitaji geini (ukuzaji wa sauti) nyingi. Shure SM7B ile mnayoiona kwenye podikasti ndiyo mlafi zaidi, inataka kama desibeli 60. Scarlett Solo ya toleo la nne inatoa 57, 2i2 ya toleo hilohilo inatoa 69. Ukiona mtu kanunua maiki ya gharama halafu analalamika sauti ni ndogo, mara nyingi maiki ni nzima, priampu ndiyo imeelemewa.

La tatu ni draiva. Kama unatumia Windows, interfesi iwe na draiva yake ya ASIO (programu inayopitisha sauti haraka kati ya interfesi na kompyuta) kutoka kwa mtengenezaji. Bila hiyo utategemea ASIO4ALL, ambayo ni msaada wa bure na nimeitumia miaka, lakini kuna siku inagoma msanii akiwa ameshavaa hedifoni. Mac haina habari hiyo, unachomeka inaanza.

Na tafadhali, vile vidude vyenye taa za rangi na vitufe vya makofi, kicheko na sauti ya katuni siyo interfesi ya studio. Vimetengenezwa kwa ajili ya kuongea laivu kwenye simu. Vingi havitoi volti 48, ndiyo maana kondensa yako ya waya wenye kichwa cha hedifoni inatoa sauti kama mtu yuko ndani ya pipa.

Ukinunua iliyotumika, nenda na laptopu yako na hedifoni zako. Ichomeke, usichomeke maiki. Zungusha geini taratibu mpaka mwisho huku unasikiliza. Mvumo mwororo kama mvua ya mbali ni kawaida. Ikikwaruza "krrr" kila unapozungusha, kitufe kimeingia vumbi au kimechoka. Kisha tikisa kidogo waya wa USB pale unapoingia. Taa ikizima na kuwaka, rudisha, shukuru, ondoka. Mwisho jaribu fantomu kwa kondensa halisi, kwa sababu taa ya 48V inaweza kuwaka na volti hakuna.

HATUA YA 2: HEDIFONI

Hii ni fupi. Hata ukiwa na monita za milioni, msanii hawezi kurekodi nazo zikiwa zinalia, maiki itazidaka. Hedifoni za kufunika masikio ni lazima, basi nunua nzuri kidogo uzitumie pia kumiksia: Audio-Technica ATH-M40x au Sony MDR-7506. Zenye jina la "besi ya ziada" ziache dukani. Kwa miezi sita ya kwanza hizi zitakuambia ukweli kuliko monita yoyote ndani ya chumba kitupu, kwa sababu hedifoni hazijui kama una ukuta.

HATUA YA 3: CHUMBA

Chukua futi kamba. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Gawa 343 kwa urefu wa chumba mara mbili. Geto langu la mita 3: 343 gawa kwa 6, unapata hezi 57. Hapo ndipo kiki (ngoma nzito ya chini) na besi za singeli na amapiano zinapoishi. Wimbi la hezi 57 linajazana kwenye kuta na kona, na katikati ya chumba linajikata. Na kwa kuwa urefu na upana vilikuwa sawa, kuta zote nne zilishirikiana kunidanganya. Ndiyo maana nilikuwa naongeza besi usiku mzima.

Dawa ya bure ni kuhamisha kiti. Elekea ukuta mfupi, masikio yako yawe umbali wa kama asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta huo wa mbele. Kwa chumba cha mita 4 ni kama mita moja na nusu. Halafu piga wimbo unaoujua vizuri, sogeza kiti sentimita kumi mbele, kumi nyuma. Utashangaa.

Kama umebandika trei za mayai ukutani, zing'oe. Zinapunguza mwangwi wa juujuu kidogo sana na besi haizijui kabisa. Kinachofanya kazi ni unene: fremu ya mbao ya sentimita 10 au zaidi, ndani jaza sufi ya magodoro au pamba, funika na kitenge. Mbili weka pembeni pale sauti inapogonga ukuta kabla ya kukufikia, nyingine weka kwenye kona. Mtu ashike kioo na kukitembeza ukutani, pale unapoiona spika ukiwa umekaa ndipo fremu inapokaa. Sufi inashika moto haraka mno, isikae karibu na ekstensheni.

HATUA YA 4: MONITA

Sasa ndiyo tunanunua. Kwa geto la kawaida, inchi 5. Yamaha HS5, JBL 305P MkII, KRK Rokit 5, yoyote utakayoipata nzima na kuizoea. Meza ikiwa ndogo sana, Eris E3.5 ya PreSonus inafaa. Inchi 8 ndani ya mita 3 kwa 3 ni kuamsha matatizo ambayo inchi 5 isingeyagusa.

Utasema inchi 5 haina besi. Kweli, HS5 inashuka hadi kama hezi 54 na hapo imeshachoka. Lakini kumbuka Yamaha NS-10, ile yenye wufa (spika ya besi) jeupe. Ilitoka 1978 kama spika ya sebuleni, besi yake ya mashaka, na bado studio kubwa za dunia ziliimiksia hadi ilipoacha kutengenezwa mwaka 2001 na baada ya hapo. Waliipenda kwa sababu ilikuwa inakuonyesha makosa ya katikati, pale sauti ya mtu na gita vinapogombana. Besi ya chini kabisa ihakiki kwa hedifoni.

Kuziweka: umbali kati ya monita na monita uwe sawa na umbali wa kila moja hadi kichwani kwako. Twita (spika ndogo ya sauti za juu) iwe usawa wa sikio. Zisikae juu ya meza tupu, meza nayo italia. Mimi nilitumia matofali ya simenti, nikayavisha kitenge, juu yake kipande cha sponji. Zikiwa karibu na ukuta, nyuma ya HS5 kuna swichi ya ROOM CONTROL, ishushe hadi -2 au -4.

Kebo ziwe za jeki zenye mistari miwili myeusi, TRS pande zote mbili, siyo zile za redio nyekundu na nyeupe. Na umeme: monita huwashwa mwisho na kuzimwa mwanzo. Umeme ukikatika, nyanyuka uzizime hapohapo, ukirudi usizikute ziko wazi zikapigwa "dumm".

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mwanza): Mkuu, nina sabufa ya nyumbani yenye spika mbili. Siwezi kumiksia hiyo?

Jibu: Kumiksia hapana, kuhakikia ndiyo. Sabufa imetengenezwa ikufurahishe, inapandisha besi na kelele za juu, kwa hiyo utaondoa vitu ambavyo kwenye wimbo havikuzidi. Maliza kazi kwenye hedifoni, kisha ipige kwenye sabufa, kwenye simu, na kwa jirani.

Swali (Mombasa): Ndugu yangu yuko Marekani, anakuja Desemba na monita. Kuna neno?

Jibu: Mwambie asome nyuma kabla hajalipa. Kama pameandikwa 100-240V, alete, utabadilisha waya tu. Pakiwa na 120V peke yake, ukichomeka kwenye 240 ya kwenu, zitanuka moshi kabla hujasikia sauti. Zitahitaji transfoma ya kushusha, na yenye wati za kutosha. Interfesi ya USB haina tatizo hilo.

Swali (Lubumbashi): Mimi napiga gita ya umeme, rumba. Nikichomeka kwenye interfesi sauti inatoka ndogo na imefifia. Maiki iko vizuri.

Jibu: Tafuta kitufe kilichoandikwa INST, au Hi-Z, ukibonyeze. Bila hicho interfesi inaipokea gita kama kinanda na inaminya sauti za juu, zile zinazofanya solo ya rumba ing'ae. Nyingine, kama UMC202HD, zina kitufe hicho mbele kabisa karibu na tundu.

Swali (Dodoma): Msanii anajisikia kwa kuchelewa kwenye hedifoni, anapoteza mdundo.

Jibu: Ingia kwenye mpangilio wa draiva, shusha bafa (kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakikusanya kabla ya kukishughulikia) hadi 128. Kwa kilohezi 48 hiyo ni kama milisekunde 3 za kuingia, ukijumlisha na za kutoka bado hatasikia. Laptopu ikianza kukatakata, rudisha 256 na uwashe kitufe cha DIRECT ili ajisikie moja kwa moja kutoka kwenye interfesi. Wakati wa kumiksi pandisha 1024, hapo kuchelewa hakumuumizi mtu.

Swali (Dodoma, yuleyule): Na mlio wa "mmmm" kwenye monita? Fundi kaniambia nikate mguu wa ethi kwenye plagi.

Jibu: Usikate! Huo mguu ndio unaokuokoa siku waya ukigusa bodi. Chomoa chaja ya laptopu kwanza. Mlio ukipotea, chomeka vyote, laptopu na monita, kwenye ekstensheni moja na utumie zile kebo za TRS. Ukibaki, njoo uniambie unatumia laptopu gani.