Enrofloksasini kwa kuku wa nyama: kipimo, maji na siku za kungoja

Kabla ya kufungua chupa, hakikisha ugonjwa ni wa bakteria. Kuku wanaopinda shingo na kuharisha kijani huenda wana ugonjwa wa Newcastle, ambao ni wa virusi, na enrofloksasini, dawa ya kuua bakteria, haitawafaa kitu hata ukiongeza dozi. Mwite veterineri, na umwekee kuku aliyekufa punde ili ampasue.

Kuku huhitaji miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa siku 3 hadi 5. Dawa ya asilimia 10 ina miligramu 100 kwa mililita, hivyo mililita 1 inatosha kilo 10 za kuku. Pima kuku kumi, pata wastani, zidisha kwa idadi. Kuku 100 wa kilo moja na nusu ni kilo 150: mililita 15 kwa siku, zinazopimwa kwa bomba la sindano, si kwa kizibo. Kama jana walimaliza bidoni moja ya lita 20, tia dawa yote humo, na kesho uchanganye upya. Mazoea ya kutia mililita 1 kwa lita 2 yangewapa mililita 10 tu. Theluthi nzima imepungua, na bakteria wanaonusurika ni wale wagumu. Siku za baridi kuku hunywa kidogo, na pengo linazidi.

Goma kuna jambo la ziada: maji ya Ziwa Kivu yana magnesiamu nyingi, nayo hushikana na dawa hii tumboni isiingie vizuri damuni. Siku za tiba tumia maji ya mvua kutoka pipa la plastiki, na weka kando madini ya kutia majini.

Kuku wa mayai wasipewe kabisa, maana mabaki huendelea kutoka ndani ya yai siku nyingi baada ya dozi ya mwisho. Umoja wa Ulaya hauruhusu, na hata mitetea hawapewi siku 14 kabla ya kuanza kutaga. Marekani ilikaza zaidi: Septemba 2005 ilifuta kibali kwa kuku wote. Kampilobakta wa kuku, bakteria wanaoharisha watu, walikuwa wamezoea dawa, na mtu aliyeambukizwa nao akawa hasaidiki kwa siprofloksasini, dawa ya watu ya jamii hiyohiyo. Ndani ya kuku, sehemu ya enrofloksasini hugeuka kuwa siprofloksasini hiyohiyo ambayo watu huandikiwa kwa homa ya matumbo.

Kabla ya kuchinja, ngoja siku 7 kamili. Lebo ikitaja zaidi, fuata lebo. Ulaya huvumilia mikrogramu 100 tu kwa kilo ya nyama, dawa zote mbili zikijumlishwa. Dozi ya mwisho ikiwa tarehe 3, anza kuuza tarehe 11, hata kama mchuuzi wa soko la Virunga amesimama mlangoni na noti mkononi. Anayekufa kabla ya hapo azikwe; mbwa naye asipewe.