TXDELAY kwanza, FRACK mwisho: kupanga muda wa redio ya paketi kwa baudi 1200

Kiungo cha redio ya paketi (kutuma data hewani kwa vifurushi vifupi, yaani fremu) kikiwa kizito, wengi hukimbilia kupunguza FRACK, muda ambao kituo husubiri risiti kabla ya kurudia, ili kirudie haraka. Matokeo yake chaneli hujaa fremu za marudio na kasi hushuka zaidi. FRACK hukokotolewa kutokana na mipangilio mingine yote, kwa hiyo hupangwa baada ya hiyo mingine kukaa sawa. Fuata mpangilio wa hatua zilizo hapa chini na usiruke.

Mifano ni ya AX.25, itifaki ya redio ya paketi, kwa baudi 1200 kwenye VHF. Upande mmoja unatumia Dire Wolf, programu inayofanya kazi ya TNC kwenye kompyuta, upande wa pili TNC ya chuma (kisanduku kinachogeuza data kuwa toni za redio na kinyume chake) ya aina ya TNC-2 au KPC-3+ ya Kantronics. N0CALL ni kishika nafasi tu. Weka ishara yako ya wito uliyopewa pamoja na leseni. Majaribio yafanyeni kwenye masafa tulivu mliyokubaliana, si 144.800 MHz wala nyingine yoyote ya APRS (mfumo wa kutangaza mahali vituo vilipo).

Hatua ya 1: Redio kabla ya namba

Zima kila kinachochelewesha upokeaji. Kwenye UV-5R, ambayo wengi wanayo, menyu namba 3 (SAVE) iwe OFF. Ikiwa imewashwa, kipokezi husinzia na kuamka kwa zamu ili kuokoa betri, na fremu inayofika kikiwa kimesinzia haisikiki hata ukiongeza nguvu ya kurusha. Menyu namba 7 (TDR) nayo iwe OFF, la sivyo redio itarukaruka kati ya masafa mawili. Ondoa toni ya CTCSS (toni ya chini inayofungua kipokezi) upande wa kupokea, kwa sababu kuitambua tu toni hiyo kunakula sehemu kubwa ya muda unaotaka kuuokoa. Kama unatumia Dire Wolf, fungua skwelchi, yaani kizuia kelele, kabisa (SQL 0), programu itajua yenyewe kama kuna data au ni kelele.

Usitumie VOX (kurusha kwa kuamshwa na sauti). VOX hushikilia kirushio karibu nusu sekunde baada ya sauti kuisha, na jibu la mwenzako hufika huku redio yako bado inarusha. Tumia PTT (swichi ya kurusha) ya kweli, kwa waya wa serial au GPIO.

Sauti ya kupokea irekebishe mpaka Dire Wolf ionyeshe kiwango cha karibu 50 kwa vituo vingi. Upande wa kurusha, deviesheni (kiasi masafa yanavyosogezwa na sauti) ya kHz 3 hivi inatosha. Sauti iliyozidi hukatwa kilele, ndipo toni ya Hz 2200 inapochafuka, na hakuna TXDELAY ya kuponya hilo.

Hatua ya 2: Pima TXDELAY, usiinakili

TXDELAY ni muda kati ya kubonyezwa kwa PTT na kuanza kwa data. Kwenye TNC na Dire Wolf huandikwa kwa vipande vya milisekunde 10, kwa hiyo 30 maana yake ni milisekunde 300. Anza na 50:

```
MYCALL N0CALL-1
CHANNEL 0
MODEM 1200
TXDELAY 50
TXTAIL 10
CBEACON every=0:15 info="TXD 50"
```

Mwenzako ahesabu fremu 20. Akizipata zote, shusha kwa 5, badilisha na maandishi ya ndani ya bikoni (fremu inayojirusha yenyewe, hapa kila sekunde 15) ili ajue anahesabu kipi, kisha washa programu upya. Endelea hadi fremu zianze kupotea. Tuseme 25 inatoa 20 kati ya 20, na 20 inatoa 17. Basi weka 30. Halafu mbadilishane zamu, kwa sababu namba hii inategemea kirushio chako pamoja na kipokezi chake, na upande wa pili unaweza kuhitaji namba tofauti kabisa. Kama una wenzako kadhaa, inayotawala ni ile ya mwenye redio nzito kuliko wote.

Sasa sehemu inayowaponyoka wengi. Bikoni hupima kipokezi kilichokuwa kimetulia kinasubiri. Kwenye mazungumzo ya kweli, mwenzako ametoka kurusha sasa hivi, na redio yake inahitaji muda kurudi kwenye kupokea. Kwa hiyo baada ya bikoni, unganisha na utume faili fupi huku kituo cha tatu kikisikiliza (kwenye Linux, `axlisten -a` inatosha). Ikiwa kituo cha tatu kinaisoma vizuri RR, yaani risiti ya mpokeaji, lakini mtumaji anarudia fremu zilezile kana kwamba hakupewa risiti, tatizo ni redio ya mtumaji kuchelewa kurudi. Dawa yake ni kuongeza TXDELAY ya yule *anayejibu*. Kumwongezea mtumaji hakusaidii chochote.

Hatua ya 3: TXTAIL

Huu ni muda wa kushikilia PTT baada ya data kuisha. Kadi ya sauti ina akiba ya sauti ambayo programu haijui hasa itaisha lini, ndiyo maana Dire Wolf huanza na 10 (milisekunde 100). Iache hapo. Kwa TNC ya chuma katika hali ya KISS (TNC inaiachia kompyuta kazi ya itifaki), 2 au 3 inatosha. Ukikata mapema mno, baiti mbili za mwisho za ukaguzi hupotea na fremu nzima hutupwa. Dalili zake zinafanana na za TXDELAY fupi, kwa hiyo usiguse zote mbili kwa wakati mmoja.

Hatua ya 4: PERSIST na SLOTTIME

Chaneli ikiwa wazi, kituo hakirushi papo hapo. Kinachagua namba ya bahati kati ya 0 na 255. Ikiwa haizidi PERSIST, kinarusha. Ikizidi, kinasubiri SLOTTIME moja na kujaribu tena. Uwezekano wa kurusha ni (PERSIST + 1) / 256, hivyo 63 ni robo, 127 ni nusu, na 255 ni kurusha bila kumjali mtu.

Gawanya 256 kwa idadi ya vituo vinavyofanya kazi kwa wakati mmoja, kisha toa 1. Vituo vinne: 63. Vinane: 31. Nodi (kituo cha kupitishia) au BBS (sanduku la barua) inayohudumia wengi ipewe kubwa kidogo kuliko watumiaji wake, kwa sababu kila inachorusha kinasubiriwa na mtu. SLOTTIME ya 10 (milisekunde 100) inafaa redio nyingi. Kama vipokezi vyenu vinachelewa kutambua kwamba chaneli ina mtu, pandisha hadi 20. Kwenye TNC za aina ya TNC-2 zenye amri ya PPERSIST, iwe ON. Ikiwa OFF, TNC inatumia DWAIT (muda wa kusubiri usiobadilika), na vituo viwili vyenye DWAIT sawa vitasubiri sawa na kugongana sawa.

Yote haya husaidia vituo vinavyosikiana tu. Wawili walioko pande mbili za mlima, kila mmoja akiisikia nodi lakini wao wasisikiane, watagongana hata mkicheza na PERSIST hadi kesho. Kwao dawa ni fremu fupi na, ikiwezekana, antena ya juu zaidi.

Hatua ya 5: PACLEN na MAXFRAME

PACLEN ni baiti za data kwa kila fremu, MAXFRAME ni idadi ya fremu zinazorushwa kabla ya kusubiri risiti. Fremu isiyopitia dijipita (kituo kinachorudia fremu za wengine) ina baiti 20 za ziada: bendera mbili, anwani 14, udhibiti, PID (aina ya itifaki) na ukaguzi. Data ya baiti 128 inakuwa 148, yaani biti 1184, karibu sekunde 1 hewani. MAXFRAME 4 ni takriban sekunde 4.3 pamoja na TXDELAY ya 30.

AX.25 ya kawaida haiokoti vipande. Fremu ya kwanza ikipotea, zilizofuata huwa zimerushwa bure. Kila fremu ikiwa na nafasi ya 90% ya kufika, kati ya nne zinakubaliwa 3.1 kwa wastani. Ikishuka hadi 70%, zinakubaliwa 1.8. Ikiwa 50%, wastani haufiki hata fremu moja. Kwa hiyo:

- Kiungo safi cha vituo viwili: PACLEN 256, MAXFRAME 4.
- Chaneli yenye watu: PACLEN 128, MAXFRAME 2.
- Kiungo dhaifu au chenye vituo visivyosikiana: PACLEN 64 hadi 128, MAXFRAME 1.
- HF kwa baudi 300: PACLEN 40 hadi 64, MAXFRAME 1. Hapo baiti 128 zingekaa hewani karibu sekunde 4, na fedingi (ishara kufifia) moja ingezifuta zote.

Kwenye baudi 9600 hesabu hugeuka. Baiti zilezile 148 huchukua sekunde 0.12, wakati TXDELAY ni 0.3, yaani muda mwingi unaisha kwenye kusubiri redio iamke. Huko ongeza PACLEN na MAXFRAME, na tafuta redio inayobadilisha upesi.

Hatua ya 6: Sasa FRACK

Kokotoa risiti inachukua muda gani kurudi. RESPTIME, muda ambao mpokeaji hungoja kabla ya kutoa risiti (vipande vya milisekunde 100), ikiwa 5: sekunde 0.5. Kusubiri zamu kwa PERSIST 63: wastani 0.3, mara nyingine zaidi ya 1. TXDELAY: 0.3. RR yenyewe ina baiti 19: 0.13. Jumla karibu 1.2 chaneli ikiwa tupu. Mtu mwingine akiingia katikati na fremu nne, ongeza 4.3. Ni 5.5, basi FRACK 7 (sekunde). Kwa FRACK 3 ungerudia kila kitu huku risiti ikiwa tayari kwenye foleni ya mwenzako.

Dire Wolf husimamisha saa hii inaposikia chaneli ina mtu, ndiyo maana 3 yake huwa inatosha. Lakini haiwezi kusimama kwa ajili ya kituo isichokisikia. Ukipitia dijipita, TNC-2 huzidisha yenyewe FRACK kwa (2m + 1), m ikiwa idadi ya dijipita. Usiipandishe tena kwa mkono. RESPTIME daima iwe ndogo kwa mbali kuliko FRACK ya mwenzako. RETRY (idadi ya marudio kabla ya kukata tamaa) iache 10.

Hatua ya 7: Linux na mtego wa vipimo

```
kissparms -c 1 -p radio
kissparms -p radio -t 300 -s 100 -r 63 -l 100
sysctl -w net.ax25.ax0.t1_timeout=7000
sysctl -w net.ax25.ax0.t2_timeout=500
sysctl -w net.ax25.ax0.standard_window_size=2
```

Hapa kila muda ni milisekunde kamili. Anayeandika `-t 30` kwa mazoea ya TNC anapata milisekunde 30, na hakuna atakayemsoma. t1 ndiyo FRACK, t2 ndiyo RESPTIME, dirisha ndilo MAXFRAME. Pia, kernel au programu nyingine ikitumia Dire Wolf kwa KISS, FRACK na MAXFRAME zilizo ndani ya `direwolf.conf` hazifanyi kazi, kwa sababu muunganisho unasimamiwa na yule mteja. TXDELAY na PERSIST nazo hufunikwa mara mteja anapotuma zake.

Hatua ya 8: Punguza kelele zako

Bikoni ya kituo kisichohama kila dakika 30 inatosha. Angalia kipimo: kwenye TNC-2 `BEACON EVERY 180` ni dakika 30, kwa kuwa inahesabu kwa sekunde 10, kwenye Kantronics namba hiyohiyo ni saa tatu, kwa kuwa inahesabu dakika. Ubadilishanaji wa barua kati ya BBS upelekwe usiku, au kwenye masafa yake.

Ukimaliza kwenye KPC-3+, andika `PERM`, umeme ukikatika usianze upya. Kwenye Linux weka amri za hatua ya 7 kwenye skripti inayotekelezwa baada ya `kissattach` (amri inayounda kiolesura cha ax0), kwa sababu ax0 huzaliwa na mipangilio yake ya awali kila mara.