Kuhesabu ndege mbuai kwa gari: usitoke alfajiri

Anayepanda Kitulo, uwanda wa juu kusini mwa Tanzania, kuhesabu ndege mbuai asitoke gizani kama wa ndege wadogo. Ngoja ukungu uondoke na ardhi ishike joto, kwenye saa tatu asubuhi. Hapo tai na shakivale (ndege mbuai wa jamii ya tai, kwa Kiingereza augur buzzard) huanza kupanda na hewa ya moto, unawaona toka mbali. Jua likifika utosini huwa juu mno, macho hayawapati.

Watu watatu wanatosha: dereva anayetazama barabara tu, na mtazamaji mmoja kila upande. Mwendo kilomita 30 hadi 40 kwa saa. Ukimwona ndege, simama, mtambue kwa darubini, andika palepale: kilomita ya dashibodi, saa, ametua au anaruka, na umbali kutoka barabarani pale ulipomwona kwanza, kabla hajashtuka.

Kinachoharibu hesabu zaidi ni shakivale wa nguzo za umeme. Gari likikaribia anaruka mbele, anatua nguzo ya tatu au ya nne, na mnamhesabu tena. Mfuate kwa macho mpaka atue. Anayetokea nyuma ya gari mwache, na safari ya kurudi usiihesabu.

Kona za barabara ya kupanda Kitulo, toka Chimala kwenda Matamba, ziache kabisa, maana mlima unaficha nusu ya anga. Anzeni mkishafika juu. Tafadhali andikeni na umri: shakivale mzima ana mkia wa rangi ya kutu, mchanga bado hana.