Kujenga kazi ya saksofoni ya jazi ukiwa Lubumbashi

Wapiga saksofoni wa jazi wa kizazi hiki, hata wenye majina makubwa, hawakujengwa na bendi moja. Kabla Kamasi Washington hajatoa The Epic mwaka 2015, albamu ya diski tatu yenye karibu saa tatu za muziki, alikuwa ameshapiga kwenye ziara za Snoop Dogg. Shabaka Hutchings, mzaliwa wa London, aliongoza Sons of Kemet, akapiga katika The Comet Is Coming, na bado akaunda kundi jingine pamoja na wanamuziki wa Afrika Kusini. Anayetaka kuishi kwa ala hii Lubumbashi na ajitahidi kwanza kuhitajiwa na makundi kadhaa, ndipo aunde lake.

Ukinunua ala iliyokwisha kutumika, ikague kabla ya kutoa fedha. Ingia katika chumba chenye giza, shusha taa ndogo ndani ya bomba, kisha funga vifuniko kimoja kimoja bila kuvikandamiza. Mwanga ukipenya pembeni, hewa nayo itapenya, na noti za chini hazitatoka vizuri. Gharama ya kubadilisha ngozi za vifuniko iingie katika mapatano ya bei. Anza na ulimi wa tete wa namba 2 au 2½ (namba huonyesha ugumu wake), na kila umalizapo kupiga pitisha kitambaa kikavu ndani ya bomba.

Jambo linalowakwamisha wengi ni funguo, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake. Saksofoni ya alto iko katika mi bemoli na ya tenori katika si bemoli, yaani do ya mwenye alto husikika kama mi bemoli na ya mwenye tenori kama si bemoli, ilhali mpiga gitaa hutaja noti kama inavyosikika. Akisema wimbo uko katika la, mwenye alto atapiga katika fa diezi na mwenye tenori katika si. Akisema mi, mwenye alto atajikuta katika do diezi, yenye diezi saba, yaani noti zote saba zimepandishwa nusu hatua. Magitaa hupenda sol, re, la na mi kwa sababu ya nyuzi zinazopigwa wazi, bila kubanwa kwa kidole. Kwa hiyo mwanafunzi aliyezoea funguo nyepesi za vitabu vya mwanzo atanyamaza siku ya kwanza ya mazoezi ya bendi, ingawa pumzi na vidole anavyo. Kila asubuhi, baada ya dakika 20 za noti ndefu, piga polepole skeli za funguo hizo ngumu, kisha chukua mstari mmoja wa sebene (sehemu ya kuchezesha ya rumba ya Kongo, inayoongozwa na magitaa) uupige katika funguo zote 12. Naamini kwa dhati kwamba anayeanzia hapa atapata sauti yake mapema kuliko anayekimbilia John Coltrane, gwiji wa saksofoni ya jazi wa Marekani. Nakili kwa sikio rekodi za Verckys Kiamuanganga, aliyepiga katika OK Jazz ya Franco miaka ya 1960, na za Manu Dibango, aliyewahi kupiga katika African Jazz ya Kabasele. Coltrane atakuja baadaye, na utamwelewa vizuri zaidi.

Kazi za kwanza zitafute katika fanfari na kwaya za makanisa, katika harusi, na kwa orkestra za komuni za Kenya, Katuba na Kamalondo hapa Lubumbashi. Kabla ya kukubali, andikianeni malipo, saa za kupiga, usafiri na nani ataleta vyombo vya sauti. Ukifika wakati wa kuunda kundi lako, fikiria saksofoni, besi na ngoma peke yake, kama alivyofanya mpiga saksofoni Mmarekani Sonny Rollins katika baadhi ya rekodi zake za mwaka 1957: malipo yanagawanywa kwa watatu tu, na kukosekana kwa kinanda kunakulazimisha kuibeba harmonia nzima katika melodia yako. Rekodini nyimbo mbili zenu wenyewe, si za kuiga, mkazipeleke Halle de l'Étoile, ukumbi wa utamaduni wa Kifaransa mjini, na kwingineko mnakoomba jukwaa. Nyimbo hizo ziandikishwe SOCODA, shirika la Kongo la haki za watunzi, na mgawanyo wa haki kati ya mtunzi na wapigaji utiwe saini kabla ya kuingia studio.