Mji mmoja, viwanja sita: namna ya kuchagua pa kutua kabla hujalipa tiketi

Kazi yangu ni kukata tiketi za ndege, hapa hapa Mjini Unguja. Swali la kwanza la kila anayeingia afisini ni "bei gani?" La "kiwanja gani?" huja mwisho, na kwa anayejinunulia mwenyewe kwa simu huja pesa zikiwa zimeshatoka. Mwongozo huu ni wake yeye, na ni wa vijana walioko ng'ambo wanaowakatia wazee wao safari. Mifano nimeichukua kwenye miji ambayo watu wetu huiendea sana. Ukienda New York, Paris au Milan, njia ni ileile.

Hatua ya 1: Soma herufi tatu, jina la mji liache

Kila kiwanja kina herufi zake tatu. Chetu cha Kisauni ni ZNZ, cha Pemba ni PMA, cha Dar es Salaam ni DAR. London ina viwanja sita vinavyobeba jina lake: Heathrow (LHR), Gatwick (LGW), Stansted (STN), Luton (LTN), London City (LCY) na Southend (SEN). Ukiandika LON unapotafuta tiketi, unaletewa vyote kwa pamoja, kwa sababu LON ni herufi za mji. Hakuna kiwanja kinachoitwa LON. Ndivyo ilivyo NYC kwa New York, na mpaka mwaka 2022 Newark (EWR) kilikuwa kimo humo ijapokuwa kiko jimbo jirani la New Jersey. Na MIL kwa Milan inakukusanyia Malpensa, Linate na Bergamo, na Bergamo ni mji mwengine kabisa.

Pana miji inayochanganya zaidi, kwa sababu herufi za mji na za kiwanja kikubwa ni zilezile. Istanbul ni mfano: IST ni mji, na IST ni kiwanja. Kwa hivyo unaweza kutafuta IST ukaletewa SAW, yaani Sabiha Gökçen. Dubai nayo hivyo hivyo: unaandika DXB, unachanganyiwa na DWC, kiwanja cha Al Maktoum. Aliyewahi kupita Istanbul zamani azingatie na hili: mpaka mwezi wa Aprili 2019 herufi IST zilikuwa za kiwanja cha Atatürk, kisha zikahamishiwa kiwanja kipya upande wa kaskazini. Yale maelekezo ya njia aliyokupa ami yako mwaka 2015 sasa hayafai.

Kabla ya kulipa, piga picha ya skrini na uzungushie duara herufi za kila kituo: unapotoka, unapobadilisha, unapofika. Fanya hivyo kwa mkono hasa. Jicho lililochoka na bei hupita juu ya herufi kama hazipo.

Hatua ya 2: Anzia kwenye mlango wa nyumba utakayolala

Mteja akiniambia anakwenda London, namuuliza: kwa nani, na anakaa wapi? Mara nyingi jibu huwa si London. Huwa ni Milton Keynes, Northampton, Leicester. Kwa mtu wa Milton Keynes, Luton ni karibu kuliko Heathrow. Anayekwenda Cambridge, Stansted kiko njiani kwake. Wa Brighton au Croydon atue Gatwick, ana treni ya moja kwa moja. Wa Slough au Reading, Heathrow ndipo pake.

Kwa London yenyewe, masafa ni haya kwa kukadiria. Heathrow kiko magharibi, kiasi cha kilomita 25 kutoka katikati ya jiji, na kina treni ya chini kwa chini pamoja na ile ya Elizabeth inayokata jiji mpaka mashariki, ambako jamaa zetu wengi wanaishi. Gatwick kiko kusini, kama kilomita 45. Luton kiko kaskazini, kilomita 50 na kitu, na Stansted kaskazini mashariki, kilomita 60 na kitu. Fikiria Mjini hadi Nungwi: ndiyo masafa hayo, na hapo umeshuka kwenye ndege usiku, una mabegi mawili, na baridi inauma.

Mwambie mwenyeji wako akupe anwani kamili, kisha uweke kwenye ramani ya simu kutoka kila kiwanja, kwa saa ileile utakayotua. Treni nyingi hupumzika baada ya usiku wa manane, na ramani ukiifungua saa nne asubuhi itakupa njia ambayo saa saba za usiku haipo.

Hatua ya 3: Jua kama tiketi ni moja au ni mbili

Hapa naomba usome taratibu.

Nilipokuwa bado mpya katika kazi hii alinijia bi mkubwa mmoja, mwanawe alikuwa amejifungua London. Viza ya Uingereza alikuwa nayo. Fedha zilikuwa za kuhesabu. Nikamtafutia, nikapata bei nzuri mno: Zanzibar hadi Istanbul kwa tiketi moja, halafu Istanbul hadi Stansted kwa tiketi nyengine ya shirika jengine. Muda wa kubadilisha ulikuwa saa sita, nikaona ni mwingi. Aliniuliza, "Mwanangu, hii SAW ndiyo wapi?" Nikamjibu, "Istanbul hiyo hiyo, mama."

Ilikuwa Istanbul kweli, lakini ng'ambo ya pili ya mji. IST kiko bara ya Ulaya, SAW kiko bara ya Asia, na baina yao pana mlango wa bahari wa Bosphorus na zaidi ya kilomita 70 za barabara yenye foleni. Hilo peke yake lingevumilika. Lililomkwamisha ni kwamba ili atoke IST aende SAW ilimbidi aingie Uturuki: agongewe muhuri, achukue mizigo yake, atoke nje. Viza ya Uturuki hakuwa nayo. Hakufika hata huko. Alizuiliwa kaunta, hapa hapa Kisauni, na ndege ikaondoka. Ile tiketi ya pili haikurejeshwa hata senti, kwa sababu kwa shirika la pili yeye alikuwa abiria ambaye hakutokea.

Nilimlipa kidogo kidogo kwa miezi. Mjukuu alimuona akiwa na siku arubaini na kitu, na mimi tangu siku hiyo sikati tiketi ya kuvuka mji bila ya kuyaangalia mambo haya:

Je, safari nzima iko kwenye namba moja ya nafasi, yale mafungu ya herufi na tarakimu sita? Ikiwa moja, na kiwanja cha kubadilishia ni kimoja, mizigo kwa kawaida inapelekwa hadi mwisho, na ndege ya kwanza ikichelewa, shirika ndilo linalokutafutia nyengine. Ikiwa namba ni mbili, kila kuchelewa ni kwako.

Je, viwanja ni viwili? Basi utaingia nchini, hata kama namba ya nafasi ni moja. Pasi ya Tanzania inahitaji viza kwa Uingereza na kwa Uturuki, na viza ya nchi unayokwenda haikufungulii mlango wa nchi unayopita. Kushuka Heathrow na kupandia Gatwick ni kuingia Uingereza. Hata ukibadilisha ndege ndani ya Heathrow bila ya kutoka, mwenye pasi yetu hutakiwa viza ya kupita. Uliza ubalozini, usimuulize jirani.

Je, una muda? Kwa kuvuka kutoka kiwanja hadi kiwanja katika mji mkubwa mimi sikubali chini ya saa saba. Kwa mzee au mwenye watoto, bora alale.

Hatua ya 4: Piga hesabu mpaka mlangoni

Chukua karatasi. Tuseme, kwa mfano tu wa kutunga, tiketi ya kutua Heathrow ni shilingi 2,900,000 na ya kutua Stansted ni 2,600,000. Laki tatu zinavutia. Sasa ongeza. Begi: mashirika mengi ya bei rahisi yanayotumia Stansted na Luton hutoza begi kubwa mbali, na watu wetu hawasafiri mikono mitupu, pana halwa, karafuu na nguo za mtoto. Nauli ya treni au basi hadi mlangoni. Mwenyeji kukosa nusu siku ya kazi kukufuata. Chakula, maana ndege ya bei rahisi huuza mpaka maji. Mara nyingi zile laki tatu huyeyuka na pengine unadaiwa.

Lakini zipo safari ambazo hesabu inaangukia upande wa kiwanja kidogo. Kijana asiye na mizigo, anayekwenda Cambridge kusoma, anayetua mchana: Stansted, bila kusita.

Hatua ya 5: Ukishapata kiwanja, tafuta jengo

Wafanyabiashara wetu wa Dubai hulijua hili kwa miguu yao. DXB kiko karibu sana na Deira wanakonunua bidhaa, lakini majengo ya abiria (terminal) ya 1 na 3 yako upande mmoja wa njia za ndege, na jengo la 2 liko upande wa pili. Flydubai, inayotua kwetu, hutumia la 2 na la 3. Treni ya metro inafika la 1 na la 3 tu. DWC kiko mbali kusini, upande wa Jebel Ali, na ukitua huko teksi ya hadi Deira itakula faida ya dazeni kadhaa za madera. Sharjah nako ni jirani, bei zake pengine nzuri, ila barabara ya Sharjah na Dubai asubuhi na jioni ni foleni tupu.

Heathrow ina majengo yanayoitwa 2, 3, 4 na 5. La 1 lilifungwa mwaka 2015, usilitafute.

Hatua ya 6: Umra, Jedda au Madina?

Hii si miji pacha, lakini kwa mwenye kwenda Umra ni chaguo lilelile. Kiwanja cha Jedda (JED) ni mlango wa Makka, chini ya saa mbili kwa gari. Kiwanja cha Madina (MED) kiko kilomita kama 15 tu kutoka Msikiti wa Mtume. Baina ya Makka na Madina ni zaidi ya kilomita 400, na tangu 2018 ipo treni ya kasi ya Haramain.

Anayetua Jedda akielekea Makka moja kwa moja lazima ahirimie (avae ihramu na kutia nia) kabla ya kupita mikati, ule mpaka wa kuhirimia, na mikati anaipita akiwa angani. Basi ihramu isiwe kwenye begi lililoingia tumboni mwa ndege. Nimeshuhudia mzee akitetemeka kwa majuto kwa hilo. Anayeanzia Madina huzuru kwanza, akapumzika, kisha akahirimia Dhul Hulayfa, mikati ya Madina, kwa utulivu. Wazee nawashauri waingilie Madina na watokee Jedda, kwa tiketi moja. Shirika ukiliomba hivyo hukupa, na safari ya kurudi nyuma ya kilomita 400 imeondoka.

Hatua ya 7: Na huku kwetu, ZNZ au DAR?

Bei ya kuondokea Dar ikiwa ndogo, usiikimbilie. Boti inachukua kama saa mbili kutoka bandari ya Malindi hapa Unguja, na wakati wa kusi bahari ikichafuka wengine hushuka hawajiwezi. Kutoka bandarini hadi kiwanjani ni kilomita kama 12 za foleni. Ukienda kwa ndege ndogo ni dakika 20 hewani, lakini hutui Jengo la Tatu ambako ndege za nje huondokea. Utahama na mizigo yako. Na kurudi: ndege ikitua usiku, boti hazipo hadi asubuhi, na kitanda cha Dar kina bei yake. Kwa mtu wa Pemba hesabu ni nyengine, kwa sababu yeye atavuka tu, iwe Unguja au Dar. Kwake DAR mara nyingi ni sawa, mradi safari ya PMA hadi DAR aifanye siku moja kabla.

Hatua ya 8: Mwandikie anayekupokea

Usimwambie "nafika London Jumamosi". Mwandikie herufi za kiwanja, namba ya ndege, jengo, tarehe na saa kama zilivyo kwenye tiketi. Mzee mpe karatasi hiyo hiyo mkononi, pamoja na namba ya simu ya mwenyeji, maana simu yake huenda isishike mtandao.

Kisha hakikisheni mnasema usiku mmoja. Tiketi ikisema STN, Jumamosi, 00:20, bi mkubwa atasema "nafika usiku wa Jumamosi", na kwa Kiswahili chake yuko sahihi: usiku wa kuamkia Jumamosi. Mwanawe aliyekulia London atasikia Jumamosi usiku, na atakwenda kumpokea mama akiwa keshakaa kwenye kiti cha Stansted siku nzima. Mwambie: Ijumaa ukishakula chakula cha usiku, usilale, toka nyumbani.